Siku Semboja Alipoacha Utani

Siku ile mjinga alikuwa Kasmiri, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta kwenye benchi la kahawa pale kijijini kwao Kwedizinga ukamuuliza, atakujibu kabla hujamaliza swali: "Nilikuwa mjinga, tena mjinga wa mchana kweupe, jua linawaka." Halafu atapiga funda la kahawa na kukukazia macho kama vile wewe ndiye uliyemkosea.

Kasmiri ni dalali wa mbuzi. Asubuhi hiyo alikuwa mnadani Handeni, kashika kamba mkononi, kamba ina mbuzi wake, na mbele yake amesimama mzee wa Kimaasai aliyekuwa hataki kushusha bei ya beberu lake hata kwa kubembelezwa. Simu ikaita. Kwenye kioo likatokea jina aliloliandika mwenyewe siku nyingi: MZIGUA.

Huyo ni Iddy Semboja, jirani yake, nyumba kwa nyumba. Babu yake Kasmiri alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, na hakurudi tena kwao. Amelala makaburini huku huku. Sasa Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara, na watu hawa wawili utani waliurithi kama wengine wanavyorithi shamba. Alipofiwa Semboja na mjomba wake, Kasmiri alijilaza njiani mbele ya jeneza na kugoma kuinuka mpaka apewe kuku. Kuku akapewa, marehemu akapita, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Ndivyo utani ulivyo. Hakuna anayekasirika, na anayekasirika ndiye anayeonekana mgonjwa.

"Haya sema, mwizi wa mahindi ya watu," Kasmiri akaanza.

"Kasmiri, njoo Korogwe. Mwanao Evodia kapigwa kichwani na mpini wa pampu. Ameumia."

Hapo Kasmiri akafanya kosa la kwanza, akatabasamu. Kisha akafanya kosa la pili, akaweka spika.

"Hebu rudia, watu wasikie."

"Mpini wa pampu ya kisima umemrukia kwenye paji la uso. Damu zinatoka. Mimi na mama yake tunampeleka hospitali sasa hivi, kwa pikipiki yangu."

"Na mpini je?"

"Mpini gani?"

"Mpini wa pampu, bwana! Umepona? Maana kichwa cha Mnyamwezi nakijua mimi. Waambie kamati ya maji wasije kunidai, ule mpini ulikuwa mbovu tangu zamani!"

Mnada ukalipuka kwa kicheko. Mchinjaji mmoja alijishika tumbo akamwegemea mbuzi wa mwenzake. Kasmiri akainua simu juu kidogo, kama mwimbaji anayewapa watu nafasi ya kuitikia.

"Kasmiri," sauti ya Semboja ikasema, "leo si utani."

"Hata siku ya moto ulisema hivyo hivyo!"

Upande wa pili ikasikika pikipiki ikiwaka, ikasikika na sauti ya mwanamke ikisema neno ambalo hakulishika, simu ikakatika.

Mzee wa Kimaasai ndiye peke yake ambaye hakucheka. "Mtoto analia au halii?" akauliza.

"Mzee wangu, usijali. Huyu ni mtani wangu."

"Nimesikia ni mtani. Nimeuliza mtoto."

Kasmiri akamrudisha kwenye bei ya beberu.

Haki yake apewe. Siku ya moto ilimuuma. Kasmiri akiwa shambani analima, Semboja alimpigia akaapa kwa Mungu wake kwamba jikoni kwa Kasmiri kuna moto. Kasmiri alitupa jembe, akakata vichaka kwa kifua, akafika nyumbani bila kandambili moja na pumzi zote zimekwisha. Akamkuta Semboja ameketi kwenye kigoda jikoni, anachoma mahindi ya Kasmiri mwenyewe. "Nilidanganya wapi?" Semboja akasema huku akipuliza mhindi. "Moto si huu hapa?" Kijiji kizima kilikihadithia kisa kile mpaka msimu ukaisha. Tangu hapo Kasmiri alijiapiza kuwa Mzigua yule hatamkimbiza tena. Na kweli, siku ile hakukimbia.

Yaliyotokea kisimani aliyasikia baadaye kwa watu wengi, kila mmoja akitia chumvi yake. Ukiitoa chumvi, yanabaki haya.

Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu, na watoto, kama ilivyo kawaida yao, wakawa wanaugeuza mpini wa pampu kuwa bembea. Mmoja akaning'inia, mpini ukashuka. Akaachia, mpini ukaruka. Evodia, ambaye yuko darasa la pili na hajawahi kusimama mahali anapoambiwa asimame, alikuwa ameinama kuangalia kama ndoo yake imejaa. Chuma kikamkuta kwenye paji la uso. Alikaa chini kwanza, taratibu, kama mtu aliyechoka, ndipo damu ikaja.

Wanawake wakapiga yowe. Getruda, mama yake, hakupiga. Alifungua kanga yake ya juu, akaikunja, akaibana kwenye kidonda na kumlaza mtoto begani. Watu wakaja na dawa zao, maana kwenye ajali kila mtu ni daktari. Mama mmoja akafika mbio na unga wa kahawa wa kujaza kidonda. Mwingine alikuwa na majani amekwisha kuyatafuna.

"Kahawa kanyweni," Getruda akawaambia bila kunyanyua sauti. "Mimi nataka pikipiki."

Pikipiki ikaja na Semboja juu yake, amepakia magunia ya mihogo ya mtu aliyekuwa anaisubiri. Alipoona kanga imebadilika rangi hakuuliza kitu. Akakata mipira ya kufungia mzigo, magunia yakaanguka njiani, mihogo ikamwagika, na hakugeuka kuitazama. Alimpokea mtoto ili Getruda apande vizuri, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umemshika Evodia, simu aliiweka spika na kuibana kwenye usukani. Ndipo akampigia Kasmiri.

Kwa hiyo Getruda aliyasikia yote. Alisikia "Na mpini je?" Alisikia mnada mzima unavyocheka, na ndani ya kicheko kile akakitambua cha mumewe, ambacho hakijifichi.

"Zima, shemeji," akasema. "Twende."

Semboja ni mtu wa kuimba akiwa kwenye pikipiki. Watu humsikia kabla hawajamwona. Safari ile hakuimba. Aliyekuwa anasema ni Getruda, amemkumbatia mtoto katikati yao, anamsemesha asisinzie.

"Evodia, nitajie mbuzi wetu."

"Si unawajua?"

"Nimewasahau."

"Mama, kichwa kinauma."

"Kinauma, najua. Yule anayekula nguo anaitwa nani?"

"Hana jina. Mnamwitaga mwizi tu."

"Na yule mwenye pembe moja?"

Wakaenda hivyo, mbuzi kwa mbuzi, na walipoisha mbuzi wakahamia kuku, wakahamia majirani. Getruda hakulia njia nzima. Semboja anasema yeye ndiye aliyelia, ila upepo ulimsaidia, machozi yakaenda nyuma.

Mnadani, Kasmiri alikuwa amekwisha kumpata beberu kwa bei anayoitaka, na furaha imemjaa, ndipo mama yake mzazi alipopiga.

"Shikamoo mama."

Bibi Stefania hakuitikia marahaba. "Daktari anasemaje?"

"Daktari wa nani, mama?"

Bibi Stefania ni mtu wa kanisani, na katika maisha yake yote hajawahi kumtania mtu. Hata watani huwajibu kwa kuwaombea.

"Kasmiri, kwani wewe uko wapi?"

"Mama, ni kweli?"

"Nimetoka kumwagia maji ile damu kwa mikono yangu. Hukuambiwa?"

Alikuwa ameambiwa. Angekuwa hakuambiwa angepata pa kushika.

Akageuka, akakutana na nyuso zile zile zilizokuwa zikicheka. Habari ilikuwa imesomeka usoni kwake, maana mchinjaji alianza ghafla kukagua kwato za mbuzi, na wengine wakaona viatu vyao vina vumbi. Kasmiri alibaki na kamba mkononi, hajui aifanye nini. Mzee wa Kimaasai akanyoosha mkono na kuichukua, pamoja na lile beberu alilomuuzia.

"Mimi nipo," akasema. "Nenda."

Kasmiri alipata nafasi kwenye fuso la mahindi, kando ya dereva. Kila alipompigia Semboja, yule dada wa kwenye simu alimwambia mteja hapatikani, kwa sauti ile ile ya upole, mpaka Kasmiri akamchukia. Dereva alikuwa mtu wa maneno. Alimsimulia habari ya mkata mkonge mmoja aliyeangukiwa na mzigo kichwani, akainuka, akacheka, akala ugali wake vizuri, akalala na hakuamka. Alisimulia kwa nia njema, ili njia iwe fupi. Kasmiri aliomba dirisha lifunguliwe zaidi.

Walipopita Kwedizinga aliona kisima kwa mbali. Wanawake walikuwa wanateka maji kama siku zote, na mpini unapanda na kushuka, mzima kabisa. Akafumba macho.

Kwenye hospitali, Korogwe, aliyempokea ni muuguzi aitwaye Hosiana, mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka.

"Namtafuta mtoto, Evodia. Amepigwa na mpini."

"Wewe ni nani yake?"

"Baba yake."

Hosiana akamtazama, akatazama mwisho wa korido. "Baba yake si yule pale?"

Kule mwisho alikuwa ameketi Semboja, shati lake limekauka damu kifuani, mikono ameiweka magotini kama mwanafunzi. Alipomwona Kasmiri akasimama. Akamjia, akampa mkono wa kulia na kuushikilia na wa kushoto, kama watu wanavyosalimiana msibani.

"Pole sana, ndugu Kasmiri," akasema.

Ndugu Kasmiri! Tangu wakiwa watoto wanaogelea mtoni, Semboja hajawahi kumwita hivyo. Amemwita mpagazi, amemwita mzigo, amemwita kichwa cha gogo. Kasmiri aliiona damu kwenye lile shati na hakutetemeka. Aliposikia "ndugu" akashika ukuta. Mzigua amenipa heshima, akajiambia, basi mwanangu hayupo.

"Yuko wapi?" sauti ikamtoka kama ya mtu mwingine.

"Wodini, na mama yake. Ameshonwa. Alitapika mara moja." Semboja alisema polepole, neno moja baada ya jingine, kama anayepita kwenye utelezi. Tangu asubuhi alikuwa amejizuia hivyo. Aliogopa akichomekea mzaha hata mmoja, madaktari nao hawatamwamini. Mtu aliyezaliwa na mzaha mdomoni alipitisha siku nzima na ukweli mtupu, na ukimtazama uliona umemchosha kuliko pikipiki.

Evodia alikuwa amelala, kichwa kimezungushiwa bandeji, mdogo kuliko alivyomwacha asubuhi. Getruda alisogea kwenye benchi ili mumewe apate pa kukaa. Hakumtazama.

"Daktari kasemaje?" Kasmiri akauliza.

"Kasema tumwangalie mpaka kesho. Akitapika tena, au akawa haamki vizuri, au akaongea visivyoeleweka, tumpeleke Tanga."

"Sasa si kalala huyu! Mama Evodia, amelala! Mtu aliyepigwa kichwa halali!" Akainuka kumtikisa mtoto. Kumbe Hosiana alikuwa nyuma yake.

"Baba, mwache. Analala kama mtoto aliyelia na kuchoka. Tutakuwa tunamwamsha na kumuuliza maswali."

"Twendeni Tanga sasa hivi. Mnangoja nini?"

"Tunangoja tuone kama kuna haja," Hosiana akasema. "Kaa."

Alikaa, lakini hakutulia. Mara ameweka sikio puani kwa mtoto, mara ameenda mlangoni, mara anaulizia daktari. Baadaye akapata wazo la kuwa na faida.

"Nikakuletee chai?"

"Shemeji kaleta," Getruda akajibu.

"Basi kanga safi, hiyo ina..."

"Shemeji kaenda kuazima kwa dada yake wa hapa mjini."

"Nimpigie mama?"

"Shemeji kaomba simu ya mtu, yake imeisha chaji. Ameshampigia."

Kila mlango Kasmiri aliokuwa anabisha, Mzigua alikuwa amekwisha kupita. Alimtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Miguu yake ilikuwa na matope ya kisimani, yamekauka. Nywele zimemtimka. Mkono mmoja ulikuwa umeshika vidole vya mtoto, na kwa kidole gumba alikuwa anapapasa ukucha mdogo, huku na huku, bila kuchoka. Akawaza kwamba mwanamke huyu alikuwa amekibeba kichwa cha mwanawe toka Kwedizinga bila kukiachia, huku masikioni ana kicheko cha mumewe. Kama kuna kazi ngumu kuliko hiyo, yeye haijui.

"Getruda, nilidhani..."

"Amka, Evodia," Hosiana akasema, amefika na maswali yake. "Amka, mama. Jina lako nani?"

"Evodia."

"Uko darasa la ngapi?"

"La pili."

"Huyu nani?"

"Mama."

"Na huyu?"

Evodia akamgeukia Kasmiri. Akamtazama sana, macho mekundu, kope nzito. Kasmiri alisimama pale mbele ya mwanawe kama mshtakiwa anayesubiri hukumu.

"Mnyamwezi," Evodia akasema.

"Mmesikia!" Kasmiri akajishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Ameanza kuongea visivyoeleweka! Hamjui baba yake! Leteni gari, Tanga, Tanga sasa hivi!"

Semboja, aliyekuwa mlangoni, aligeukia ukuta haraka. Mabega yakaanza kumtikisika. Hosiana akamtazama huyu, akamtazama yule, hajui ashike lipi. Mdomo wa Getruda, uliokuwa umekazwa tangu asubuhi, ukalegea upande mmoja.

"Dada, usihofu," akamwambia Hosiana. "Nyumbani ndivyo jirani anavyomwita kila asubuhi juu ya ua. Huyu mtoto kichwa chake kizima."

"Baba, yule mwizi umemuuza?" Evodia akauliza.

"Sijamuuza, mwanangu."

"Usimuuze." Akafumba macho.

Hakutapika tena. Kila alipoamshwa alijibu, na kila mara kwa hasira zaidi, mpaka akamuuliza Hosiana kama yeye ni mwalimu. Kulipokucha akadai maandazi, akala la kwake, akala na la mama yake. Daktari akamchunguza macho, akamtembeza chumbani, akasema waende nyumbani, ila wamwangalie, asiruke wala kukimbia kwa muda, na wakiona badiliko lolote warudi bila kungoja. "Hiyo ya kutokukimbia," Getruda akasema, "ungeniandikia na dawa yake."

Walipotoka nje ya geti jua lilikuwa limeanza kuwaka, na wauza machungwa wanamenya. Hofu ilikuwa imemtoka Kasmiri, na mtu hofu ikimtoka ghafla nafasi inabaki tupu. Kwake ikaingia hasira. Akaanza akiwa hata hajafika kwenye pikipiki.

"Yote haya ni wewe, Semboja."

"Mimi?"

"Wewe na moto wako wa mahindi! Umenidanganya mpaka siku ya kweli nikakosa pa kukuamini. Watu wananiona mimi baba mbaya. Kuanzia leo mimi na wewe utani basi. Nisalimie kama jirani, nikusalimie kama jirani, kila mtu aingie kwake."

Semboja akatandaza kanga vizuri kwenye kiti cha pikipiki. "Utani sikuuweka mimi. Ukitaka kuuvunja, kawaulize waliouweka. Babu yako unajua alipolala."

"Basi tuwekeane ahadi. Ukiwa unasema kweli, uape."

"Siku ya moto niliapa."

Ilikuwa kweli. Kasmiri akatafuta njia nyingine.

"Sasa apige mama Evodia mwenyewe!"

"Mikono yangu ilikuwa na kazi," Getruda akasema.

"Nyie mnaona mchezo!" Sauti ya Kasmiri ikapanda, wamenya machungwa wakageuka. "Mimi ni mtu wa biashara. Siwezi kuacha mnada nikakimbia kila Mzigua anapobonyeza simu. Leo mpini, kesho atasema nyoka, keshokutwa atasema nyumba imebomoka. Ninachouliza ni kimoja tu, na nijibiwe hapa hapa kabla hatujaondoka. Siku nyingine nitajuaje kama ni kweli au ananitania? Niambieni. Nitajuaje?"

Getruda alikuwa anamfunga Evodia mgongoni. Alikaza fundo la kanga kifuani, akalijaribu kwa mkono kama limeshika, ndipo akamtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza tangu alipofika.

"Hutajua," akasema. "Utakuja tu. Ukimkuta mzima, utachekwa, utarudi mnadani."